Tundu kwenye Mlango wa Magokoro

Siku ninazoziogopa mpaka leo zilianza na msumari wa moto. Niliuchomeka kwenye makaa ya jikoni mpaka ukaiva mwekundu, nikaushika kwa koleo, nikatoboa nao mlango wa nyanya yangu bila kumwomba ruhusa. Nilikuwa kidato cha pili, na nilijiona nina akili kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, kule karibu na Ekerenyo.

Keti, Kemunto mjukuu wangu. Usiitazame hiyo rafu. Simu yako iko salama pale juu na haitateremka mpaka nimalize. Nakusimulia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii chako ni cha kuombea chai tu. Na nikimaliza nitayaandika, ili binamu zako nao wasome, maana sina pumzi ya kuyasema mara tisa.

Mwalimu wako aliwapa kazi nzuri ya likizo, sikatai. Mchunguze mwanga majumbani mwenu, mfanye pamoja na wazee wenu, mpige picha, mmtumie. Mimi mwenyewe nimekula chaki miaka mingi na sikuwahi kufikiria kazi nzuri kama hiyo. Jana tulifunika dirisha la chumba cha wageni kwa blanketi, tukaacha tundu moja, tukatundika shuka jeupe, na migomba yote ya nje ikaja kuning'inia ndani kichwa chini. Tulicheka, wewe na mimi. Kisha nikaenda kumwona ng'ombe.

Niliporudi nilikuta umemngoja Mama Makori, yule mama wa pale chini anayeishi peke yake, mpaka akapita njiani na mkongojo wake. Umempiga video akitembea kwenye shuka letu miguu juu. Chini yake umeandika, "Mchawi wetu akienda kazini." Ulikuwa hujaituma bado, kidole kilikuwa hewani. Nilikunyang'anya simu, nikakufokea kama sijawahi kukufokea, ukalia, ukasema ni mzaha tu. Najua ni mzaha, mwanangu. Ndiyo maana nilifoka.

Sasa sikiliza.

Mimi nililelewa na magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Baba na mama walikuwa Kericho wakichuma majani chai, wakaniacha kwake nisome. Jina lake lilikuwa Kwamboka. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache, na mikono yake haikujua kupumzika. Alilima wimbi, akapika uji mzito, na hakuna mtoto aliyepita mlangoni kwake akaondoka na njaa. Lishike hilo la uji, nitalirudia.

Mwaka ule akina mama walikuwa wakihimizwa nao wachukue vitambulisho, kwa hiyo magokoro akahitaji picha. Tukaenda Kisii mjini, kwenye studio ya Mhindi mmoja aliyeitwa Bwana Ramesh. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito, na kila asubuhi aliwasha ubani mbele ya miungu yake kabla ya kuwasha taa za duka. Ekegusii chake kilikuwa bora kuliko chako. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, na nyuma yake shuka jeusi. Magokoro aliketi kwenye stuli, akakaza uso kama anayesubiri sindano. Mimi nikawa nachungulia huku na huku, mpaka Bwana Ramesh akaniita, akanifunika lile shuka, akaniambia nitazame kioo.

Nilimwona magokoro ameketi kichwa chini. Leso yake nyekundu, mikono yake, stuli yenyewe, vyote vinaning'inia. Nilipiga kelele nikatoka chini ya shuka mbio. Niliogopa kweli, mwanangu, sikufichi.

Yule mzee hakunicheka. Alichukua nyuzi mbili za kushonea, akazipitisha zote kwenye tundu moja la kifungo cha shati lake, akanipa nizishike. "Uzi huu unatoka kichwani kwa nyanya yako, unashuka," akasema. "Huu unatoka miguuni, unapanda. Mwanga haujui kupinda kona, unakwenda moja kwa moja. Tundu ni dogo, basi lazima zipishane. Ni hivyo tu. Rudi utazame tena." Nikarudi, nikatazama, na hofu haikuwepo. Kisha akanikalisha mimi kwenye stuli, akamfunika magokoro shuka. Nilimsikia akicheka mle ndani, kicheko cha kitoto ambacho sikujua anacho. Naye alielezwa, uzi kwa uzi, mpaka akasema ameelewa.

Tulirudi nyumbani na mimi sina usingizi wa mchana wala hamu ya chakula. Nilitaka sanduku langu. Na kwetu, sanduku kubwa kuliko yote lilikuwa nyumba ya magokoro. Mlango wake ulitazama magharibi, njia ya kwenda mtoni ikapita mbele yake, na asubuhi jua lililotoka nyuma ya nyumba liliipiga njia ile ikawaka. Ukuta wa ndani uliokabili mlango alikuwa ameupaka udongo mweupe wiki ile ile, maana shangazi yangu alitarajiwa kuja pamoja na wakwe. Nilitoboa mlango, nikaufunga, nikaziba na dirisha, nikakaa gizani kungoja macho yazoee. Polepole njia ikaja ukutani. Ng'ombe wa jirani wakapita migongo chini. Mwanamke mwenye mtungi akapita, na mtungi wake ukawa chini kabisa, na haukumwagika.

Magokoro alinung'unika kwamba nimeitobolea mvua mlango, kisha akavuta kigoda akatazama. Nikamtengenezea pia ya mkononi: kopo la mafuta ya kupikia, tundu la msumari chini, na mdomoni karatasi ya daftari niliyoipaka mafuta mpaka ikapitisha mwanga, nikaifunga kwa uzi wa mgomba. Ukijifunika leso kichwani ukalielekeza kopo penye jua, unaona. Alilizoea mpaka akawa analikagulia shamba lake la wimbi. Zile zilikuwa siku nzuri. Kama ningekomea hapo ningekuwa mtu mwingine.

Nyaboke alikuwa jirani yetu. Tulisoma darasa moja, na kwenye hesabu alinishinda kila muhula, jambo lililonifanya nimchukie kimoyomoyo. Wiki ile aliicheka sweta yangu yenye viraka mbele ya wasichana wote. Nikasema sawa. Magokoro alipokuwa shambani nilimwita nyumbani kwetu, nikafunga mlango, nikamwambia atazame ukutani. Mama yake alikuwa akipanda kutoka mtoni, amembeba mgongoni Mokua, kaka yake mdogo wa miaka minne. Nyaboke aliwaona wote wawili wanatembea miguu juu kwenye ukuta wa nyanya yangu. Alinishika mkono, nikasikia kucha zake.

Pale ndipo palipokuwa pa kuchukua nyuzi mbili. Nyuzi zilikuwepo, zimefungwa kwenye sindano ya magokoro iliyochomekwa ukutani, hatua moja kutoka niliposimama. Sikuzichukua. Nilisema, "Magokoro akimtaka mtu, humgeuza hivyo."

Nilitaka aniogope kidogo tu. Lakini hofu haipimwi kwa kijiko, na wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona kwa wiki.

Nyaboke alikwenda bila kuniaga. Siku ya tatu Mokua akashikwa na homa, na jioni yake akapata degedege, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Huko nyumbani wakiwa wanamwagia maji, Nyaboke akamwambia mama yake alichokiona na alichokisikia. Nisingemlaumu. Hata wewe ungesema.

Mwanangu, watu wetu ni wakarimu, lakini kuna neno moja likitajwa kwetu, ukarimu wote hukaa kando. Omorogi. Mchawi. Mwanamke akizeeka, akiwa mjane, akiwa peke yake, neno hilo humzungukia kama nzi; linangoja tu mahali pa kutua. Nilijua hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilijua kuna mama wa kijiji cha ng'ambo ambaye nyumba yake ilibaki majivu, na watu hawakupenda kupita pale. Nilijua, na bado nilisema nilichosema.

Sikusikia mtu akimsema magokoro. Niliona tu mambo. Watoto hawakuja kwa uji. Jirani aliyekuwa ameazima chungu chake alikirudisha, akakiweka getini, akaondoka bila hodi. Tulipokwenda mtoni wanawake walinyamaza, wote kwa pamoja, na magokoro akawasalimu mmoja mmoja kwa majina, nao wakaitikia wakitazama maji. "Kuna msiba gani ambao sikuambiwa?" akaniuliza tukirudi. Nikasema sijui. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu kile chungu. Siku mbili nzima nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Kila nilipotaka kusema niliona aibu, nikajiambia itapita. Hayapiti yenyewe mambo ya namna hiyo.

Walikuja Jumamosi, mchana kweupe. Niliwaona wakishuka njia, wanaume mbele na wanawake nyuma, hawaimbi, hawapigi kelele. Ningependa wangepiga kelele. Mmoja alibeba debe la mafuta ya taa, amelishika mbali na mguu wake ili lisimchafue. Mbele yao alikuwa Ondieki, babake Nyaboke, mtu ambaye mvua ya mwaka uliotangulia ilipobomoa jiko letu alikuja kulijenga bila kuitwa. Hao hawakuwa wageni, mwanangu, wala hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye mtoto mgonjwa na hofu tele, na kwa hilo ninawaogopa zaidi kuliko wezi.

Magokoro alikuwa nje anapukuchua maharagwe. Alitazama kundi lile, akasogeza ungo, akasimama.

"Karibuni," akasema. "Viti havitatosha."

"Omong'ina," Ondieki akasema, maana hivyo ndivyo mama mzee anavyoitwa kwa heshima, na sauti yake ilikuwa bado ya heshima. "Tunataka kuona ukuta wako."

Na magokoro akafurahi. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Aliwaza wamesikia mchezo wa mjukuu wake, wamekuja kutazama. Aliwafungulia mlango mwenyewe, akawaelekeza mahali pa kusimama, akawaambia wangoje kidogo macho yazoee giza. Ondieki akaingia na mwanamume mwingine, mlango ukafungwa. Sisi tuliobaki nje tukasimama kwenye jua.

Sauti iliyotoka mle ndani sijui niifananishe na nini. Walitoka wote wawili wakisukumana. Ondieki alikuwa amepauka midomo. "Nimemwona mke wangu," akasema. "Ananing'inia kama mbuzi aliyechinjwa. Nimewaona wote. Sote tumo mle."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakaja mbele hatua mbili. Yule wa debe akafungua kifuniko, harufu ya mafuta ikanifikia. Magokoro hakuwatazama wao. Alinigeukia mimi, na usoni mwake hakukuwa na hasira, kulikuwa na mshangao tu.

"Moraa," akaniambia, "hukuwaeleza?"

Nikafungua mdomo. Nilisema ni mimi niliyetoboa mlango. Nilisema ni mwanga tu, unapita tunduni, unapishana, ni kama kamera ya Mhindi wa mjini. Maneno yalitoka yamekatikakatika, na nilikuwa nikilia, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyowaona wakitikisa vichwa. Mwanamke mmoja akasema, "Amemfundisha na mtoto." Nikaelewa kuwa sasa tuko wawili. Tena kule upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kupanda, kama yanavyopanda kila mchana huku kwetu, na nilijua jua likifunikwa ukuta utakuwa mtupu, na hata aliye tayari kuamini hatakuwa na cha kuonyeshwa.

Hapo nikakumbuka kopo. Nilipita katikati yao nikiinama, nikaingia ndani, nikalitoa juu ya kabati pamoja na leso ya magokoro. Nikamnyooshea Ondieki. Akaweka mikono nyuma. Nikamnyooshea mwingine, akatema mate chini. Nilizunguka na lile kopo kama mtoto anayeuza mayai, nikisema shika, tafadhali shika, na hakuna aliyetaka ligusane naye. Jua likafifia, likarudi. Magokoro alikuwa amekaa chini tena, kando ya ungo wake, ameweka mikono mapajani, na ndiyo mara ya kwanza nilipoiona mikono ile imetulia.

Aliyelishika ni Nyaboke. Sikujua hata kuwa amekuja. Alikuwa nyuma ya mama yake. Alitoka, uso umevimba kwa kulia, akanitazama kwa chuki ambayo nilistahili, akachukua kopo. Mama yake alimshika sketi, akajinasua. Akajifunika leso, akaelekeza kopo kwa watu, akatulia. Kisha akaanza kusema chini ya ile leso.

"Tata, nakuona," akamwambia babake. "Uko miguu juu. Mama naye. Wote mko miguu juu. Ninalishika mimi, tata. Mimi ndiye nimewageuza. Basi na mimi ni mchawi?"

Lile debe liliwekwa chini, sikuona nani aliliweka. Ondieki alimwendea mwanawe, na kwa muda nilidhani atampiga, lakini aliinama akaingiza kichwa chake chini ya leso ile ile, wakawa vichwa viwili ndani ya nguo moja. Nilikimbilia ndani nikazichomoa zile nyuzi ukutani, nikatoka nazo sindano ikining'inia, nikazipitisha kwenye tundu la kifungo changu kama nilivyoonyeshwa. Uzi huu unatoka kichwani, unashuka. Huu unatoka miguuni, unapanda. Safari hii sauti yangu haikukatika. Ondieki alitazama nyuzi, akatazama kopo, akatazama nyuzi tena.

Kisha mvua ikaja. Ningependa kukuambia wote walielewa. Ondieki alielewa, na mkewe, na labda wengine watano. Wale wengine waliondolewa na mvua, wakakimbia wamejifunika majani ya migomba, na hawakuniambia kama wameamini au la. Ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini wengi wetu hatungoji kumwona aliyeunda. Jioni ile ile Ondieki alimbeba Mokua mpaka kituo cha afya, akatibiwa malaria, akapona. Ni mzee sasa ana kitambi.

Magokoro hakuguswa hata unywele. Ndivyo ninavyojifariji. Lakini hakuna mtoto aliyekunywa tena uji wake. Aliupika hata hivyo, kila asubuhi, sufuria ile ile kubwa, na mchana akaumwagia kuku. Alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani kwake, na kwenye mazishi yake kuna watu walikaa mbali na chakula. Uvumi ni kama maji, yakimwagika hayazoleki. Msichana mmoja tu ndiye aliyekuwa akiingia, anachukua kikombe, anakunywa mbele ya watu, anasema asante. Aliingia hivyo mpaka akaolewa.

Siku ile ya mvua, tulipobaki wawili, nilingoja kichapo. Magokoro hakunichapa. Alikausha maharagwe yaliyolowa, akayapanga kwenye ungo, na ndipo akasema. "Yule Mhindi alikufunika shuka, akakuonyesha, ukaogopa. Akakuambia ni nini. Wewe umemfunika mwenzako shuka, ukamwonyesha, akaogopa. Ukanyamaza." Akapepeta ungo. "Elimu uliyopewa bure umeifanya fimbo." Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, wala sikuhitaji alirudie. Ualimu wangu wote nimeufanya nikikimbia lile neno.

Sasa nikuambie kuhusu yule msichana wa kikombe. Nyaboke aliolewa huku Nyakoe, na mwaka wa pili akaja kwetu kuniambia ana shemeji mpole asiyekunywa pombe, nami nisijifanye mjinga. Nikaolewa naye, ndiyo sababu babu yako alikuwa babu yako. Huku kwetu mwanamke akizaa hapotezi jina lake, ila watu wanaliacha, wanamwita kwa mwanawe wa kwanza. Kifungua mimba wa Nyaboke aliitwa Makori.

Naam. Huyo uliyemwandika jana.

Usilie. Ulilia jana ya kutosha, na leo kuna kazi. Nisikilize vizuri, maana nasema mara moja. Ukimwonyesha mtu ajabu, mwonyeshe na tundu. Picha bila maelezo ni kitu cha hatari, na simu yako inaibeba mbali kuliko mdomo wangu ulivyoweza kubeba neno. Mimi nilimtisha mmoja, wewe ungetisha elfu moja kabla ya maziwa kuchemka. Usimcheke mzee anayetembea peke yake, na usiliweke juu yake neno ambalo hutakuwepo kulishusha. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Siku zangu mbili za kunyamaza ndizo zilizokaribia kumuua magokoro zaidi kuliko hata ile sentensi.

Teremsha simu, ufute ulichokiandika mbele yangu. Kisha shuka ukamwite Mama Makori, umwambie anatakiwa kwenye kazi ya shule. Mshike mkono pale penye utelezi. Tutamkalisha ndani kwenye kiti kizuri, wewe usimame nje penye jua urukeruke, akuone miguu juu. Chukua nyuzi mbili umweleze, uzi kwa uzi, hata kama anajua. Anajua. Mwache akueleze na yeye. Ukitaka kumpiga picha, mwombe, na uandike chini yake jina lake alilopewa na mama yake. Uji uko jikoni, mimina vikombe vitatu.

Nenda, mwanangu. Mungu wetu Nyasae akupe macho ya kuona na ulimi wa kueleza. Mikono yako isishike kamwe kitu kitakachomchoma mwenzako. Uzeeke, na utakapozeeka, watoto waingie kwako bila hofu, wanywe, waombe tena. Kimbia sasa, mawingu yameshaanza kupanda.